Homa ya papasi kwa watoto: jinsi ya kuitambua, kuipima na kuitibu mpaka iishe

Kama mtoto alipata homa kali ya siku tatu mpaka sita, ikakatika kwa jasho jingi, akacheza vizuri karibu wiki nzima, kisha homa ile ile ikarudi, soma mwongozo huu kabla hujanunua dozi nyingine ya malaria. Huenda ni homa ya papasi. Ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za kawaida, na bado unaua watoto wachanga na kuharibu mimba, kwa sababu moja kubwa: hautafutwi.

Tumeandika kwa ajili ya mzazi na kwa ajili ya mhudumu wa zahanati pia. Dozi zilizotajwa humu ni za kumwezesha mzazi kuhakiki alichoandikiwa. Si za kwenda nazo duka la dawa huku mtoto amebaki nyumbani. Dozi ya kwanza ya dawa hii haifai kabisa kutolewa nyumbani, na sababu yake tutaieleza kwa kirefu.

Papasi na kupe: tofauti inayobadilisha kila kitu

Kupe wa ng'ombe au wa mbwa hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa. Mzazi anaweza kumkuta wakati wa kumwogesha mtoto. Papasi hana tabia hiyo. Hutoka kwenye nyufa usiku, hunyonya damu kwa dakika chache, kwa kawaida haizidi nusu saa, kisha hurudi mafichoni mtoto akiwa bado usingizini. Kwa hiyo kumkagua mtoto asubuhi na kutokuona kitu hakuthibitishi kwamba hakuumwa. Pengine utaona alama ndogo nyekundu au nyeusi inayowasha, pengine usione chochote.

Papasi wa kwetu kitaalamu anaitwa Ornithodoros moubata. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 8 hadi 10 hivi, rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, na ngozi yenye mikunjo. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa, kwa sababu mdomo wake uko upande wa chini. Kupe huonyesha mdomo mbele. Akitulia vumbini anafanana na kokoto, na ndiyo maana watu huishi naye miaka bila kumwona.

Anayebebwa na papasi ni bakteria aitwaye Borrelia duttonii. Jina hilo linatokana na Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyefia Congo mwaka 1905 akiuchunguza ugonjwa huu huu. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa akiufuatilia katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, akagundua kwamba papasi jike huwarithisha wanawe bakteria hao kupitia mayai. Ugunduzi huo una maana kubwa nyumbani kwako leo: papasi mdogo aliyetoka kwenye yai jana anaweza kuambukiza bila kumng'ata mgonjwa kwanza. Tena papasi huweza kukaa miaka kadhaa bila chakula. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima, au chumba cha wageni kisicholaliwa, bado kina hatari.

Makao yake ni sakafu ya udongo, nyufa za kuta za matope, miguu ya vitanda na pembe ambako ukuta unakutana na sakafu. Vijiji vya Ugogo mkoani Dodoma, Mvumi ikiwemo, vinaijua homa hii kwa vizazi vingi kwa sababu tembe, nyumba ya kuta na paa la udongo, inampa papasi giza, ukavu na joto anavyovitaka. Lakini ugonjwa haujafungiwa Dodoma. Uko sehemu nyingine za Tanzania, uko kaskazini mashariki mwa Congo, na husafiri ndani ya mikeka, magunia na mabegi.

Watu wazima waliozaliwa penye papasi hujenga kinga ya kiasi, wakaumwa kidogo tu. Wanaoumia ni watoto wadogo, wajawazito na wageni. Bibi anaposema "sisi tumekua na papasi na hatujafa", kwa upande wake anasema kweli. Mjukuu aliyekuja likizo kutoka mjini hana kinga hiyo.

Homa hii inavyokwenda

Baada ya kuumwa na papasi hupita siku 3 hadi 18, mara nyingi kama wiki moja, ndipo homa inapoanza. Huanza ghafla. Joto hupanda kufikia nyuzi 39 hadi 40 na zaidi, mtoto hutetemeka, kichwa kinauma, viungo na misuli vinauma, anatapika. Mtoto asiyeweza kusema utamjua kwa kukataa ziwa au chakula, kulia akiguswa, na wakati mwingine kukohoa au kuharisha. Bandama huweza kuvimba ukaishika chini ya mbavu za kushoto. Baadhi hupata macho ya manjano au kutokwa damu puani, kwa kuwa chembe za kugandisha damu hupungua.

Siku ya tatu mpaka ya sita huja saa ngumu kuliko zote. Joto linapanda ghafla, mtoto anatetemeka vibaya sana kwa dakika kadhaa, kisha anatoka jasho la kulowesha shuka, joto linashuka na mwili unalegea. Asubuhi anaomba uji. Hapa ndipo wazazi na wahudumu wengi wanapodanganyika: dawa yoyote aliyokuwa anakunywa siku ile ndiyo inayopewa sifa. Kama ilikuwa ALu, watasema ilikuwa malaria. Kama ilikuwa sindano ya taifodi, watasema ilikuwa taifodi. Ukweli ni kwamba homa hii hukatika yenyewe bila dawa.

Hukatika kwa sababu kinga ya mwili imeshawatambua bakteria waliojaa damuni na kuwaua. Lakini wachache hubadili protini za ngozi yao ya nje, kinga isiwatambue tena, wakajificha na kuzaliana upya. Baada ya siku 4 hadi 14 za unafuu, kwa kawaida kama wiki, homa hurudi. Vipindi vinavyofuata mara nyingi ni vifupi na vyepesi kuliko cha kwanza, ila vinaweza kurudi mara nyingi, na kila kimoja kinamwongezea mtoto upungufu wa damu.

Hatua ya kwanza: andika tarehe

Kipimo cha kwanza cha homa ya papasi ni daftari la shule na kalamu. Usitegemee kumbukumbu, maana mtoto akiugua kila mtu nyumbani huhesabu siku kwa namna yake. Andika tarehe na saa homa ilipoanza, joto kama una kipimajoto, dawa uliyompa na saa uliyompa, saa jasho lilipotoka, na siku alizokuwa mzima.

Ukurasa mmoja ukionyesha hivi: tarehe 3 jioni homa 39.5, tarehe 4 na 5 homa na kutapika, tarehe 7 usiku jasho jingi, tarehe 8 hadi 14 mzima anacheza, tarehe 15 alfajiri homa 40, umempa tabibu nusu ya jibu kabla hajamgusa mtoto. Malaria isiyotibiwa haina kawaida ya kupumzika wiki nzima kwa mtindo huu.

Ongeza na mambo matatu: mtoto hulala wapi (sakafuni, kwenye mkeka, kwenye kitanda kilichoegemea ukuta), ukuta na sakafu ni vya nini, na kama wiki tatu zilizopita alilala nyumba nyingine. Swali la mwisho hili husahaulika sana, na kwa mtoto wa mjini aliyetoka kijijini ndilo lenye jibu.

Ila usingoje kipindi cha pili ili kuthibitisha. Mtoto wa eneo lenye papasi mwenye homa kali na kipimo cha malaria kisichoonyesha kitu anastahili kupimwa homa ya papasi siku hiyohiyo.

Hatua ya pili: kipimo sahihi kwa saa sahihi

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kijiti cha plastiki, hutafuta protini za vimelea vya malaria tu. Hakina uwezo wa kuona papasi alichoacha. Zamani, wakati kila homa ilipimwa kwa hadubini, mtaalamu wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria aliwaona bakteria hawa bila kuwatafuta. Kipimo cha haraka kimeokoa watoto wengi wa malaria, lakini kwa homa ya papasi kimefunga dirisha hilo. Inabidi sasa mtu aagize kwa makusudi.

Na kikionyesha malaria ipo? Bado haimalizi. Vipimo vingi vya aina hii hubaki na mstari wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na mtoto anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Mtoto aliyemaliza dozi kamili ya ALu bila kuitapika na homa ikarudi siku ya kumi, huyo apimwe kwa hadubini.

Mzazi, maneno ya kusema kituoni ni haya: "Naomba apimwe damu kwa hadubini, tone nene, waangalie homa ya papasi." Kama zahanati haina hadubini, omba rufaa ya kituo cha afya au hospitali.

Saa ya kuchukua damu ndiyo inayokosewa zaidi. Bakteria hujaa damuni wakati homa iko juu. Siku za unafuu wanakuwa wachache mno, karibu haiwezekani kuwaona. Mzazi anayesubiri mtoto apate nafuu ili asafiri vizuri hadi hospitali anampeleka siku ambayo kipimo hakitaonyesha kitu. Mpeleke akiwa na homa, na kabla hajaanza antibayotiki, kwani dozi moja tu inatosha kuwaondoa damuni wasionekane huku ugonjwa haujaisha.

Kwa mtaalamu wa maabara: tengeneza tone nene na tone jembamba kwenye slaidi safi. Tone nene liache likauke vizuri na usilitie methanoli. Likigandishwa kwa methanoli, chembe nyekundu hazitapasuka na utabaki unatazama ukungu. Tumia Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, au rangi ya Field. Suuza polepole kwa maji yanayotiririka taratibu, maana tone nene hubanduka kirahisi. Tazama kwa lenzi ya mafuta ya 100, na usikate tamaa kabla ya kupitia angalau maeneo 200. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba za zambarau zilizojikunja kama springi iliyolegea, ndefu kuliko upana wa chembe nyekundu, zikiwa kati ya chembe na si ndani yake. Uzi wa pamba na mkwaruzo wa kioo huweza kudanganya. Springi ya kweli ina mikunjo inayolingana. Njia nyingine ya haraka ni tone la damu mbichi chini ya kifuniko cha kioo, lenzi ya 40: utaona chembe nyekundu zikisukumwasukumwa na kitu chembamba kinachojipinda.

Slaidi isiyoonyesha kitu haifuti ugonjwa. Hata mikono mizuri huwakosa wagonjwa kadhaa. Homa ikiwa bado ipo, rudia baada ya saa 12 hadi 24. Daftari likisema papasi na slaidi ikikaa kimya, tabibu ana haki ya kutibu kwa kufuata daftari.

Neno moja kuhusu taifodi. Kipimo cha Widal kinachotumika sana madukani na vituoni hudanganya mara nyingi, na watoto wengi wenye homa ya kurudia huishia kutibiwa "taifodi sugu" mara tatu au nne. Homa inayorudi kwa mpangilio baada ya tiba ya taifodi ni sababu ya kutafuta ugonjwa mwingine.

Dalili za kwenda hospitali saa hiyohiyo

Usisubiri asubuhi, usisubiri slaidi, kama mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, anapumua kwa shida, viganja na ndani ya kope ni vyeupe, macho yamekuwa ya manjano, damu inatoka puani au kwenye fizi bila kukoma, shingo imekakamaa, au mikono na miguu ni ya baridi huku joto limeshuka ghafla. Hiyo ya mwisho huonekana kama nafuu. Homa iliyoshuka kwa mtoto anayecheza ni nafuu. Iliyoshuka kwa mtoto mwenye miguu ya baridi na asiyejali anachosemeshwa ni mshituko wa mzunguko wa damu, na hapo muda ni mchache sana.

Kichanga wa chini ya mwezi mmoja mwenye homa, au aliyepoa kupita kiasi na asiyenyonya, ambaye mama yake alikuwa na homa wiki za mwisho za ujauzito: hospitali papo hapo, na mweleze daktari kuhusu homa ya mama. Bakteria hawa hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tumboni. Kwa mjamzito ugonjwa huu huleta kuharibika kwa mimba, kujifungua kabla ya wakati na vifo vya vichanga, kwa hiyo mama mjamzito mwenye homa katika nyumba yenye papasi naye apimwe kwa hadubini, hata kama alikwenda kituoni kwa ajili ya mtoto.

Hatua ya tatu: dawa

Kwa mtoto wa chini ya miaka 8 dawa inayotumika sana ni erithromaisini, miligramu 12.5 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, siku 10. Mtoto apimwe uzito siku hiyo. Kukadiria kwa umri kunawapunja watoto wanene na kuwazidishia waliokonda. Mtoto wa kilo 8 anapata miligramu 100 kila mara, wa kilo 10 miligramu 125, wa kilo 12 miligramu 150, wa kilo 16 miligramu 200, wa kilo 20 miligramu 250.

Dawa ya maji huja kwa nguvu mbili, miligramu 125 au 250 katika mililita 5, na chupa zinafanana. Soma lebo. Mtoto wa kilo 10 anahitaji mililita 5 za ile ya 125, lakini mililita 2.5 tu za ile ya 250. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani.

Halafu piga hesabu ya chupa kabla hujaondoka dirishani. Mililita 5 mara nne kwa siku ni mililita 20. Kwa siku 10 ni mililita 200. Chupa ya mililita 100 itaisha siku ya tano, wakati ambao mtoto anaonekana mzima kabisa, na wengi huishia hapo. Siku kumi za mtoto wa kilo 10 ni chupa mbili. Ya pili usiichanganye na maji mpaka ya kwanza iishe.

Kwa wa miaka 8 na kuendelea hutumika doksisaiklini, miligramu 2.2 kwa kilo mara mbili kwa siku, isizidi miligramu 100 kila mara, kwa siku 10. Anywe akiwa ameketi, kwa bilauri nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa, la sivyo kidonge huunguza koo. Asiinywe pamoja na maziwa. Madaktari wengi siku hizi huitumia kwa muda mfupi hata kwa watoto wadogo inapolazimu. Uamuzi huo ni wao.

Mtoto asiyeweza kumeza, mwenye degedege, shingo ngumu au dalili nyingine za ubongo hulazwa na kupewa dawa ya mshipa, mara nyingi seftriaksoni. Kichanga naye hutibiwa hospitali kwa sindano. Erithromaisini kwa mtoto wa wiki za mwanzo inaweza kusababisha njia ya kutoka tumboni kuziba.

Mweleze tabibu kama mtoto yuko kwenye dozi ya ALu. Ikichanganywa na erithromaisini inaweza kuathiri mapigo ya moyo, na yeye ndiye atakayepanga ipi itangulie au ipi ibadilishwe. Kwa homa tumia parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo, isizidi mara nne kwa siku. Usimpe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu damu yake tayari ina shida ya kuganda.

Hatua ya nne: saa nne za dozi ya kwanza

Sehemu hii isomwe mara mbili.

Dozi ya kwanza inapoua bakteria wengi kwa mkupuo, mabaki yao humwagika damuni na mwili huyajibu kwa nguvu. Kati ya saa 1 na 4 baada ya dawa, karibu nusu ya wagonjwa hupata tetemeko kali, joto kupanda kuliko mwanzo, moyo kwenda mbio na kupumua haraka. Kisha jasho, na shinikizo la damu linashuka. Madaktari huita mmenyuko wa Jarisch-Herxheimer. Mtoto aliyekwisha kudhoofika kwa kutapika na upungufu wa damu anaweza kufa katika saa hizo, naye amepewa dawa sahihi.

Kwa hiyo panga. Dozi ya kwanza itolewe kituoni asubuhi, tuseme saa 3, ili mtoto aangaliwe mpaka saa 7 mchana au zaidi wakati wahudumu wapo. Isitolewe jioni wakati wa kufunga, na mtoto asiruhusiwe kuondoka na chupa mkononi.

Kabla ya dawa: mnyweshe maji au ORS mpaka akojoe, pima joto, mapigo ya moyo, pumzi na sukari ya damu, tazama weupe wa viganja. Aliyedhoofika awekewe kanula kabla, maana mishipa ikishasinyaa ni vigumu kuipata. Mpe parasetamoli. Baada ya dawa, mpime kila nusu saa kwa saa 4, na kila dakika 15 mtetemeko ukianza.

Akitetemeka mfunike kidogo. Mtetemeko ukiisha na mwili ukawaka, mvue nguo nzito na umpanguse kwa maji ya vuguvugu, yasiwe ya baridi. Endelea kumnyonyesha au kumnywesha kidogokidogo. Miguu ikiwa ya baridi na mapigo dhaifu, mlaze miguu juu kidogo na tabibu ampe dripu ya chumvi mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya nusu saa hadi saa moja, akimwangalia pumzi muda wote. Mwenye upungufu mkubwa wa damu apewe dripu taratibu na atafutiwe damu. Sindano za steroidi hazizuii hali hii.

Mama akiona mtoto amezidiwa baada ya dawa, ni haki yake kuogopa. Aelezwe mapema kwamba hii si mzio na dawa haijakosewa. Mzio huja na vipele vya kuwasha, kuvimba midomo au kifua kubana. Ukiona hivyo dawa isimame mara moja. Tetemeko na homa peke yake si sababu ya kuacha dozi ya pili.

Siku tisa zinazobaki

Saa zinazokumbukwa kirahisi ni 12 asubuhi, 6 mchana, 12 jioni na 6 usiku. Ile ya saa 6 usiku ndiyo inayorukwa. Weka kengele ya simu. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Erithromaisini huumiza tumbo, basi mpe baada ya uji kidogo. Tia alama kwenye daftari kila dozi, alama 40 kwa jumla.

Mrudishe kituoni siku ya saba, na tena baada ya wiki mbili, damu ipimwe kama imepanda. Mwangalie kwa mwezi mzima. Jicho likiwa jekundu na kuona kwa ukungu, au mdomo ukienda upande mmoja, ni athari zinazojulikana za ugonjwa huu na zinahitaji daktari. Homa ikirudi ndani ya wiki mbili baada ya dozi iliyokamilika, slaidi nyingine. Ikirudi miezi kadhaa baadaye, kuna uwezekano mkubwa kwamba nyumba imemwambukiza upya.

Nyumba

Kumtafuta papasi si kazi ngumu. Chimba vumbi la sentimita 2 au 3 kwenye pembe ya ukuta na sakafu na kuzunguka miguu ya kitanda. Lichekeche, kisha mwaga kilichobaki kwenye nailoni nyeupe juani. Joto likimpata, kokoto uliyoidhania kokoto itaanza kutembea. Usimponde kwa vidole: maji ya mwili wake yana bakteria na huingia kupitia mkwaruzo mdogo. Mshike kwa kibano, mtie kwenye maji yanayochemka.

Kinachosaidia zaidi ni kumnyima nyufa. Lipu ya saruji tupu juu ya ukuta wa matope hubanduka baada ya misimu michache, kwa kuwa udongo hupanuka na kusinyaa na saruji haifuati, na nyuma ya lipu iliyobanduka papasi anapata nyumba bora kuliko ya kwanza. Mchanganyiko wa udongo wa kichanga ndoo 8 hadi 10 kwa saruji ndoo 1 unashika vizuri zaidi. Anza na sakafu na pembe, kabla ya ukuta wa juu unaoonekana na wageni. Kila mvua zikiisha, ziba nyufa mpya.

Mtoto asilale chini. Kitanda kikae sentimita 30 kutoka ukutani, chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote, nguo zisining'inie mpaka sakafuni. Kuku walale nje, maana nao wanamlisha. Dawa ya kupulizia ya jamii ya pairethroidi ifike sakafuni na ndani ya nyufa. Unyunyiziaji wa mbu kwa kawaida hulenga kuta. Na tafadhali, dawa ya josho la ng'ombe isiingie chumbani. Ni sumu kwa mtoto anayetambaa.

Kama aliyemng'ata ni kupe

Mtoto anayechunga au anayecheza na mbwa akaguliwe jioni nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kinenani na katikati ya vidole. Kupe ang'olewe kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja taratibu bila kuzungusha. Mafuta ya taa, kijinga cha moto na mafuta ya kupaka vinamchelewesha tu na kumfanya atapike ndani ya jeraha. Osha kwa sabuni, andika tarehe.

Homa ikija siku 5 hadi 10 baadaye, pamoja na kidonda kidogo chenye kigaga cheusi pale alipong'atwa na tezi zilizovimba karibu yake, hiyo ni homa ya kupe inayoletwa na bakteria waitwao rikesia. Kidonda hicho mara nyingi hakiumi, kwa hiyo kitafute. Doksisaiklini huitibu, na kwa ugonjwa huu hutumika hata kwa watoto wadogo. Homa yenye kutokwa damu baada ya kuumwa na kupe au kushika damu ya mnyama aliyechinjwa ni dharura, na kituo kipigiwe simu mapema ili wahudumu wajikinge.

Wazazi walioko Marekani na Ulaya wakisoma kuhusu kupe wa watoto wao hukutana zaidi na ugonjwa wa Lyme, wenye alama ya duara inayopanuka kwenye ngozi. Huo huletwa na kupe wa misitu ya huko na una tiba yake. Lakini mtoto aliyelala kwa bibi Dodoma, akarudi London au Minneapolis na kushikwa na homa ndani ya wiki tatu, daktari wa huko hatawaza papasi asipoambiwa. Mtajie Borrelia duttonii, mwombe damu itazamwe kwa hadubini homa ikiwa juu, na umpe lile daftari.